Kwa Nini Januari Kuna Joto? Mwanafunzi Atangulie Kujibu

Kama ndiyo kwanza unawasha redio, karibu, hujachelewa. Kama uko jikoni, endelea na mapishi. Kama uko ndani ya daladala, shika bomba vizuri. Mimi naomba masikio tu.

Leo nataka tuzungumze juu ya somo la sayansi shuleni, na ndani ya somo hilo jambo moja: namna ya kumsaidia mwanafunzi ajenge mwenyewe maelezo ya mambo ya asili anayoyaona kila siku. Kwa nini bahari inajaa na kupwa. Kwa nini chuma kinashika kutu. Kwa nini umande unakuja alfajiri na kutoweka jua likipanda. Mtoto ameyaona haya kabla hajavaa sare ya shule, na kwa kila moja ana lake la kusema. Sasa akifika darasani, hilo lake tunalisikiliza, au tunalifuta pamoja na chaki ya jana?

Nitakwenda hatua kwa hatua. Kwanza tutachukua swali moja na kulifuata mpaka mwisho. Pili tutamkumbuka kijana mmoja wa shule ya Lushoto aliyewapa wanasayansi wa dunia kazi ambayo hawajaimaliza. Tatu tutasikiliza malalamiko ya walimu, maana yapo, na yana haki ya kujibiwa.

Haya, swali letu. Hapa pwani, kuanzia Dar es Salaam, Unguja na Tanga mpaka Mombasa, mwezi Januari joto ni kali. Feni inazunguka usiku kucha na bado shati linalowa. Lakini Julai, msimu wa kipupwe, watu wa pwani hiyohiyo wanavuta shuka alfajiri. Kwa nini? Usinijibu mimi. Jijibu wewe mwenyewe kimoyomoyo, halafu lishike jibu lako, tutalihitaji.

Ukiuliza swali hili katika darasa la kidato cha pili, jibu moja halikosi kutokea: "Mwalimu, ni kwa sababu Januari dunia imelikaribia jua."

Hapo mwalimu yuko njia panda. Anaweza kusema, "Hapana, kaa chini. Nani mwingine?" Hatimaye ataandika ubaoni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu, wanafunzi watanakili, mtihani utakuja, na wengi watapata alama. Ukikutana nao miaka mitano baadaye ukawauliza swali lilelile, watakwambia nini? Watakwambia dunia imelikaribia jua.

Sitanii. Mwaka 1987 huko Marekani ilitengenezwa filamu fupi kuhusu jambo hili. Siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu wakiwa bado na majoho yao, waliulizwa kwa nini kuna majira ya joto na majira ya baridi. Wengi wao, wakizungumza kwa kujiamini kabisa, walijibu kwamba dunia huwa karibu na jua wakati wa joto na mbali wakati wa baridi. Hao walikuwa wamefundishwa. Walikuwa wamefaulu. Lakini maelezo yao ya utotoni hayakuwahi kuguswa. Yalikaa chini, maelezo ya kitabu yakawekwa juu yake, na mtihani ulipopita yale ya juu yakapeperuka.

Tulitazame basi jibu la yule kijana wetu wa kidato cha pili. Je, ni la kijinga? Hata kidogo. Ameota moto jikoni kwa bibi yake, anajua ukisogea unaungua na ukirudi nyuma unapoa. Amechukua jambo analolijua na kulitumia kueleza jambo asilolijua. Hiyo ndiyo sayansi inavyoanza. Tena nikwambie kitu kingine, msikilizaji, ambacho huenda kikakushangaza: ni kweli kabisa kwamba mwezi Januari dunia iko karibu zaidi na jua. Mwanzoni mwa Januari umbali wetu na jua ni kama kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai ni kama milioni 152. Kwa hiyo kijana wetu ana ukweli kuhusu joto, na ana ukweli kuhusu umbali. Yule mhitimu wa Harvard hana udhuru, maana kwao Januari ni theluji. Kijana wa Unguja ana udhuru, maana ushahidi wote wa nyumbani kwao uko upande wake!

Kosa lake liko wapi? Liko pale alipounganisha. Na kiungo hakivunjwi kwa kumwambia "hapana". Kiungo kinavunjwa kwa ushahidi ambao maelezo yake hayawezi kuubeba.

Ushahidi huo uko wapi? Uko kwenye simu ya mama yake. Familia nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa zina ndugu Oman. Mwalimu aseme hivi: "Vizuri, tumeandika maelezo yako ubaoni. Sasa nenda nyumbani, mwombe mama ampigie shangazi yako Muscat, umuulize Januari kwao kukoje, na Juni kukoje." Kesho yake kijana atarudi na habari. Shangazi amesema Januari ndio mwezi wao mzuri, usiku watu wanavaa sweta. Juni ndiyo usiseme, mchana hakutokeki.

Sasa mwalimu anauliza swali moja tu, kwa upole: "Muscat na Unguja ziko kwenye dunia moja au mbili?" Kimya. Kama dunia imelikaribia jua, imelikaribia yote. Joto lilipaswa kuja kotekote kwa pamoja. Mbona huku linapanda na kule linashuka?

Umeona, msikilizaji? Mwalimu hajasema "umekosea". Habari za shangazi zimesema kwa niaba yake. Na mwanafunzi aliyejenga maelezo akayaona yakishindwa mbele ya macho yake, huyo hatayasahau maelezo yatakayokuja badala yake.

Lakini subiri. Kuna mwanafunzi mwingine, wa nyuma kule, mtoto wa baharini. Yeye anasema, "Mwalimu, mimi sikusema jua. Mimi nasema ni upepo. Kaskazi ikivuma kunakuwa na joto, kusi ikivuma kunapoa." Naye pia si mjinga. Wavuvi na manahodha wamegawa mwaka kwa pepo hizi kwa karne nyingi. Basi na yeye aulizwe: kaskazi inatoka upande gani? Inatoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Na shangazi ametuambia Januari Arabuni kukoje? Kuna ubaridi. Itakuwaje upepo unaotoka kwenye ubaridi ndio uwe chanzo cha joto letu? Hapo darasa litaanza kubishana, na ubishi huo ni mzuri. Mmoja atasema upepo unapata joto njiani, baharini. Mwingine atauliza, je, bahari yenyewe imepashwa na nini? Tazama walikofika! Upepo una mchango wake, hakuna anayeukana. Lakini wenyewe wameona kwamba nyuma ya upepo kuna kitu kingine.

Sasa tunahitaji ushahidi mpya, na huu hauhitaji maabara. Unahitaji kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja, na uwanja wa shule. Kisimamishe wima. Pima kivuli chake pale kinapokuwa kifupi kuliko vivuli vyote vya siku hiyo. Hapa Unguja hiyo si saa sita kamili, ni kama saa sita na dakika ishirini na kitu. Watoto wanaosoma madrasa hawatashangaa, maana adhuhuri huingia jua likishapinduka, na kabla ya saa za ukutani kivuli ndicho kilichokuwa saa.

Pima leo, pima wiki ijayo, pima mwezi ujao, andika. Ukifika tarehe 21 Juni, kivuli cha kijiti hicho kitakuwa na sentimita kama 57, nacho kitalala kuelekea kusini. Tarehe 21 Desemba kitakuwa na sentimita kama 31 tu, nacho kitakuwa kimegeuka, kinalala kuelekea kaskazini. Na mtoto wa shangazi akipima kule Muscat, Juni ataona kivuli kimetoweka karibu chote, na Desemba kivuli kitazidi hata urefu wa kijiti chenyewe. Rudia nami: Juni kivuli kirefu kwetu, kwao hakuna. Desemba kivuli kifupi kwetu, kwao kirefu. Na joto? Joto linafuata kivuli kifupi. Kwetu na kwao.

Mwanafunzi aliyeyaandika haya kwenye daftari lake ana kitu mkononi. Sasa mwalimu azime taa, awashe tochi na kuielekeza mezani wima. Doa la mwanga ni dogo, linang'aa. Aiinamishe tochi ileile. Doa linatanuka na kufifia. Tochi haikusogea mbali. Mwanga uleule umetandazwa mahali pakubwa zaidi. Jua linapokuwa utosini, ardhi inapata mwanga uliokusanyika. Linapokuwa pembeni, inapata mwanga uliotandazwa. Wanafunzi wataunganisha wenyewe, na utasikia darasani ule mnong'ono ambao kila mwalimu anaufahamu.

Hapa ndipo mwalimu anapoleta ile habari ambayo mwanafunzi hawezi kuivumbua kwa kijiti peke yake. Achukue chungwa, alichome mti katikati, auinamishe mti, alizungushe chungwa kuizunguka taa huku mti ukielekea ukuta uleule siku zote. Upande mmoja wa taa, nusu ya chini inatazamana na mwanga zaidi. Upande wa pili, nusu ya juu. Hiyo ya chini ndiyo nusu yetu, na hiyo ya juu ndiyo nusu ya shangazi. Sasa zile nyuzi 23 na nusu zinaandikwa ubaoni, na safari hii zina mahali pa kukaa, kwa sababu mwanafunzi alikuwa tayari anazihitaji.

Na maelezo mazuri, msikilizaji, yana tabia ya kuzaa swali jingine. Wanafunzi wakiendelea kupima watagundua kwamba hapa Unguja jua linakuwa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena siku za mwanzo za Oktoba. Siku hizo, adhuhuri, kijiti hakina kivuli. Machi ni joto la kuchemka, sawa. Lakini Oktoba? Joto lipo, ila si kama la Machi. Kwa nini, kama jua ni lilelile na liko mahali palepale? Mwache mwanafunzi ahangaike nalo siku mbili. Akikwama, mkumbushe bahari. Maji hupata moto polepole na kupoa polepole. Oktoba bahari inatoka kwenye kipupwe, bado imepoa. Machi imekuwa ikipashwa kwa miezi. Hapo yule mtoto wa baharini aliyesema habari za upepo na bahari atatabasamu, maana na yeye alikuwa na sehemu ya ukweli.

Basi tukusanye kabla hatujaendelea. Tumefanya mambo manne. Tumeanza na tukio, si na msamiati. Tumemwacha mwanafunzi atoe maelezo yake na tumeyaandika bila kuyacheka. Tumetafuta ushahidi unaoweza kutenganisha maelezo mawili, si ushahidi wowote tu. Halafu mwalimu ameleta kilichokosekana, kwa wakati wake. Tukio, maelezo yao, ushahidi unaotenganisha, kisha mwalimu. Yashike hayo manne.

Sasa twende Lushoto. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walikuwa wakichemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji ya kugandisha. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, naye akaona akingoja yapoe atakosa. Akayaweka yakiwa ya moto. Baadaye, walipofungua, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha yalikuwa bado.

Akamuuliza mwalimu wake. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaendelea na masomo ya juu, Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikawa mzaha wa darasa. Mtu akikosea hesabu, wenzake wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni shuleni, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Alipotoa nafasi ya maswali, Mpemba akasimama na swali lake lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini kwamba jambo hilo ni kweli, lakini alifanya kitu kimoja cha maana sana: aliahidi kulijaribu. Akarudi Dar es Salaam, akamwomba fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Msikilizaji, cheka, lakini ujiulize: ni madarasa mangapi yetu yanafanya majaribio namna hiyo? Jibu liko kitabuni, na jaribio linarudiwa mpaka likubaliane na kitabu.

Mwaka 1969, Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia. Watu wengi wanaishia hapo: kijana alicheka mwisho. Mimi nataka tuangalie kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo kuna somo letu la leo. Kuona ni jambo moja. Kueleza ni jingine. Osborne na wenzake walianza kupima maelezo moja baada ya jingine. Je, maji ya moto yanapungua kwa mvuke, ndiyo maana yanawahi? Wakapima kilichopotea, wakaona ni kidogo mno kutosha. Je, ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji? Wakatumia maji yaliyochemshwa ili hewa iwe imetoka, na bado jambo likatokea. Wakatandaza mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa masaa. Basi joto jingi linatoka kwa juu. Unaona wanachofanya? Ni kilekile cha shangazi wa Muscat. Kila maelezo yanaulizwa: yangekuwa kweli, tungeona nini?

Na mpaka leo mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia, na kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kidogo tu, matokeo yanabadilika. Wengine hawakubaliani nao. Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu makala ile, na swali la mwanafunzi wa Magamba bado lina wenyewe wanaolihangaikia. Mwalimu anayeogopa kuulizwa asilolijua na akumbuke hili: Osborne hakupoteza heshima kwa kukosa jibu. Aliipata kwa kusema tujaribu.

Sasa malalamiko. Nayasikia tangu mwanzo, mwalimu mwenzangu, hata kama uko mbali na mimi.

La kwanza: muda. Silabasi ni ndefu, mtihani wa taifa unakuja, kijiti cha miezi sita nitakiweka wapi? Kweli. Si kila mada itafundishwa hivi. Chagua chache katika muhula, zile ambazo wanafunzi huja na maelezo yao yenye nguvu. Na si lazima miezi sita. Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji ya duka, iweke mezani. Baada ya dakika chache inatoa jasho. Maji yametoka wapi? Wengine watasema yamepenya kwenye kioo. Wengine watasema ubaridi umegeuka maji. Wengine watasema yametoka hewani. Kama yamepenya, basi kwenye soda ya chungwa tone lingekuwa na rangi, na lingekuwa tamu. Onja. Halina rangi wala utamu. Kama ni ubaridi tu, basi chupa yenye ubaridi uleule ingelowa sawasawa kila mahali. Muulize aliyewahi kuishi Dodoma wakati wa kiangazi, kwenye hewa kavu, kama chupa hulowa kama inavyolowa Tanga. Hailowi hivyo. Imebaki hewa. Hayo yote ni kipindi kimoja cha dakika arobaini, na chupa ya soda mwalimu anakunywa mwisho. Na mwanafunzi ameelewa umande, mawingu na ukungu kwa mpigo.

La pili: wanafunzi ni wengi, darasa limejaa mpaka madirishani. Basi usiwasikilize mmoja mmoja. Kila dawati karatasi moja. Wachore: chupa, hewa, na mshale unaoonyesha maji yanakotoka. Mchoro unasomwa haraka kuliko insha. Pita katikati, chagua michoro mitatu inayopingana, ichore ubaoni bila kutaja ni ya nani. Halafu darasa zima lipige kura, na kila upande useme kwa nini. Aliyekosea hataaibika, kwa sababu hajulikani.

La tatu, na hili kwetu Tanzania ni zito: lugha. Mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta sayansi kwa Kiingereza. Ukimuuliza kwa nini chupa inatoa jasho, anainama. Tunadhani hana wazo. Wazo analo, njia ya kulitoa ndiyo hana. Basi mwache alijenge kwa lugha anayoota nayo. Abishane na jirani yake kwa Kiswahili, maelezo yakishasimama, ndipo mwalimu awasaidie kuyaandika kwa lugha ya mtihani. Mtu hawezi kutafsiri asichokuwa nacho.

La nne: je, kwa njia hii si tunawaacha watoto wajivumbulie sayansi yote peke yao? Hapana, na naomba hili lisieleweke vibaya. Ilichukua wanadamu karne na karne kuelewa mwendo wa dunia. Hatuwezi kumdai mtoto ayafanye hayo kati ya mapumziko na kengele. Mwalimu anafundisha. Anaeleza. Anatoa istilahi, anatoa sheria, anasahihisha. Tunachobadilisha ni mpangilio. Maelezo ya mwalimu yaje pale mwanafunzi ameshajaribu yake, ameona yanapokwama, na sasa ana njaa ya kujua. Na maelezo yenye kosa yasiachwe yakining'inia ati kwa heshima ya mawazo ya mtoto. Heshima ni kuyapima.

Namalizia na wazazi, maana si kila kitu kinaanzia shuleni. Mtoto akikuuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea usiku, usimwambie anyamaze, na wala usikimbilie kumtafutia jibu kwenye simu. Muulize maswali matatu. La kwanza: wewe unaonaje? La pili: umejuaje? La tatu: ingekuwa sivyo, tungeona nini? Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalomfanya mtu awe mwanasayansi, awe daktari, fundi wa friji au mkulima anayetaka kujua kwa nini mahindi ya upande ule yamenyauka na ya upande huu hayajanyauka.

Na kama hujui jibu, sema hujui, kisha mtafute pamoja. Mwalimu, kesho ukiingia darasani, kabla hujageukia ubao kuandika kichwa cha somo, weka kitu kimoja mezani ambacho wanafunzi wanakijua tangu utotoni, uliza kwa nini, kisha nyamaza mpaka wazungumze wao. Dakika mbili za kimya utaziona ndefu. Zivumilie. Yatakayosemwa baada ya hapo ndiyo utakayofundishia.